Kabla ya kushuka Marafa, tia bonge kikombeni

Kazi yangu ni kupima udongo. Mtu akitaka kujenga ghorofa hapa Malindi, mimi ndiye ninayechimba shimo na kumwambia kama chini amekalia mwamba, udongo wa mfinyanzi au mchanga mtupu. Kwa hiyo marafiki wakisema "Jumamosi twende Marafa tukatembee," wenzangu wanawaza picha, mimi nawaza kuta za korongo la huko zinasimama kwa kitu gani. Na kila safari tunagombana kuhusu saa ya kuondoka.

Marafa ni kama kilomita 35 kutoka mjini. Unavuka daraja la mto Sabaki, mbele unaiacha barabara ya Garsen na kukata kushoto kuelekea bara. Minazi inapungua, mikorosho na mashamba ya mahindi yanashika nafasi, vumbi linaingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Halafu ardhi inakwisha. Hakuna mlima wa kukupa taarifa: umesimama kwenye nchi tambarare, mbuzi wanakula nyasi, na hatua chache mbele yako kuna korongo lenye minara na kuta kali, tabaka jeupe, la waridi, la rangi ya machungwa, na jekundu kama tofali lililoiva.

Wagiriama wanapaita Nyari, mahali palipovunjika penyewe. Wanaoongoza wageni hapo ni wenyeji, na watakusimulia kisa cha tajiri mwenye ng'ombe wengi ambaye jamaa zake walikuwa wakioga maziwa huku majirani wakilala njaa. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu yao. Mimi hukisikiliza chote, sikatizi mtu. Na hilo jina lina jiolojia ndani yake kuliko maelezo mengi ya watalii, kwa sababu watu wengi hudhani korongo lilipasuliwa na tetemeko. Halikupasuliwa. Linavunjika lenyewe, kidogo kidogo, na kazi hiyo bado inaendelea.

Safari ya mwisho tulikuwa sita, pamoja na dada yangu na shemeji. Tulipofika chini nikaokota bonge moja la waridi, ukubwa wa limau, lililokwisha kuanguka ukutani. Ukilibonyeza ni gumu, huwezi kulivunja kwa vidole. Shemeji akaligonga kwenye chupa yake, likalia ko ko. "Hili jiwe hili," akasema. Nikamimina maji kwenye kikombe cha plastiki nikalitumbukiza.

Mwanzo hakuna kitu. Kisha vipovu vinaanza kupanda, vidogo, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa. Ile ni hewa inayosukumwa nje na maji yanayoingia kwenye matundu ya bonge. Pembe moja ikadondoka. Ubavu ukafuata. Kabla shemeji hajamaliza chungwa lake, kikombeni palikuwa na rundo la mchanga chini na maji mekundu juu yake. Jiwe lake limekwenda.

Huo ndio ukuta mzima. Ni mchanga ulioshikwa na mfinyanzi, na mfinyanzi ukiwa mkavu unashika kama simenti, ukilowa unaachia kama sukari guru kwenye chai. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanakimbilia ukingo, yanatafuta ufa, yanachimba mfereji, mfereji unapanuka, na kipande cha shamba kinashuka. Kwa hiyo korongo linakula kuelekea juu, upande wa mashamba. Njia uliyopita mwaka juzi unaweza usiikute.

Na minara? Nyanyua macho uangalie kichwani mwake. Mara nyingi utakuta tabaka gumu kidogo, limeshikwa na chuma, limekaa kama kofia. Chini ya kofia udongo haupigwi na mvua moja kwa moja, pembeni unaliwa, katikati unabaki umesimama. Kofia ikianguka, huo mnara hauna miaka mingi.

Chuma hicho hicho ndicho rangi. Punje za mchanga peke yake ni nyeupe au kijivu. Zikivaa utando wa chuma kilichoshika kutu huwa nyekundu. Kutu ya aina nyingine, yenye maji ndani yake, hutoa manjano na kahawia. Mahali maji yalipokiosha chuma kikaondoka, tabaka hubaki jeupe. Watu wa Malindi tunaijua rangi hii vizuri: wakati wa mvua Sabaki inapoteremsha udongo wa bara na bahari yetu kugeuka chai ya maziwa, ni kutu hiyo hiyo imesafiri.

Kuna rafiki yetu aliwahi kutembea Bryce Canyon, jimbo la Utah kule Marekani, akarudi na picha za minara myekundu tukaulizana kama ni ndugu wa hii yetu. Kwa sura ni ndugu, kwa malezi hapana. Kule baridi ndiyo fundi mkuu: maji huingia nyufani, usiku yanaganda, na barafu ikichukua nafasi zaidi kwa kama asilimia 9 inaubana mwamba hadi upasuke. Mchana inayeyuka, usiku tena. Marafa haijui barafu. Hapa mafundi ni jua linalokausha na kupasua, na mvua inayokuja kumalizia.

Sasa turudi kwenye ugomvi wa saa. Malindi iko kama digrii 3 kusini ya ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, na hata miezi mingine halipishani na utosi sana. Maana yake kuta hazikupi kivuli mchana. Kuta nyeupe zinakurudishia mwanga, sakafu imeshika joto, upepo wa bahari unapita juu ya kichwa chako bila kushuka. Wageni wengine hupaita jiko la jehanamu, na saa saba mchana sina hoja ya kuwapinga.

Nalisema hili kwa aibu. Miaka ya nyuma niliwapeleka marafiki saa tano na nusu kwa sababu tulikawia kwenye mahamri na mbaazi. Mmoja, fundi wa majokofu, mtu wa miraba minne, alianza kukamatwa na misuli ya mapaja, kisha akanyamaza. Mtu mcheshi akinyamaza kwenye joto, simameni. Tulimweka chini ya kivuli cha ukuta uliobenuka, tukalowesha kikoi tukamfunika shingo na kichwa, tukampa maji ya chumvi na sukari kwa mafunda madogo. Nusu saa. Mzee aliyekuwa akituongoza hakutulaumu, alisema tu, "Wanangu, hata mbuzi saa hii hawashuki."

Tangu siku hiyo natembea na lita 3 za maji kwa kila kichwa, na chupa moja niliyoichanganya nyumbani: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tunashuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi au tunangoja saa kumi alasiri. Alasiri ndiyo naipenda, maana jua likilala ule wekundu unawaka, lakini lazima uwe umepanda juu kabla giza halijaingia. Masika siendi kabisa. Mfinyanzi uliolowa ni utelezi, na sakafu ya korongo ndiyo njia ya maji yote yanayotoka juu.

Viatu: chochote kilichofungwa chenye meno. Dada yangu alikuja na ndara, moja ikakatika kamba, akamaliza safari amevaa soksi za shemeji.

Lililobaki ni mahali pa kukanyaga. Tembea sakafuni, mfuate kiongozi, usipande mgongo wa kuta hata kama picha itapendeza. Ule mgongo una upana wa meza, na umeshaona kikombe kilivyofanya. Ukingoni juu nako kaa mbali, kwa sababu huoni kama chini yako pameliwa. Kuna walioandika majina yao ukutani kwa kisu, pamoja na mioyo. Mvua itayafuta, sawa, ila kila mkwaruzo ni mfereji mdogo waliouanzishia maji.

Yale maji ya kikombe sikuyamwaga. Niliyatia kwenye chupa nikaja nayo nyumbani nikaiweka dirishani. Mchanga mzito ulishuka papo hapo, mwembamba ukakaa juu yake, lakini mfinyanzi ulikataa kutulia, na kesho yake asubuhi maji yalikuwa bado mekundu. Nilimkuta dada yangu ameishika, anatafuta glasi. Alidhani ni ukwaju.