Mbeya Teki, MIST, MUST: chuo kimoja, majina matatu

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, mzee mmoja kutoka Mbozi aliingia ofisini kwangu na kijana wake. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake cheti cha FTC (Full Technician Certificate), yaani cha fundi sanifu, kilichoanza kufifia wino. "Mwalimu," akasema, "hiki chuo changu walikifunga lini? Kijana amekitafuta mtandaoni hakioni."

Hakijafungwa, mzee. Umekaa ndani yake.

Swali hilo naulizwa mara nyingi, kwa hiyo najibu hapa kwa wote. Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho wengi walikiita Mbeya Teki, kilianza mwaka 1986 hapa Iyunga. Kabla ya hapo, kwa Tanzania Bara, vyuo vya serikali vya namna hiyo vilikuwa Dar es Salaam na Arusha. Kijana wa Kyela au Makete aliyetaka kusomea ufundi sanifu alipaswa kufunga mizigo aende mbali.

Kwa nini Mbeya? Mimi sioni kama ilikuwa bahati. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kupitisha mafuta kwenda Zambia mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikamilika mwaka 1975, na barabara kuu ya Zambia inapita mjini hapa hapa. Vitu hivyo vikishajengwa vinataka watu wa kuvitunza, tena wengi, na hao hawawi wahandisi peke yao.

Hapa ndipo watu huchanganya majina. Fundi mchundo ndiye anayechomelea, anayejenga, anayevuta nyaya. Mhandisi anabuni, anapiga hesabu na kubeba dhamana. Fundi sanifu yuko katikati yao: anausoma mchoro wa mhandisi, anaupanga uwe kazi, kisha anapima kama kazi imetoka jinsi mchoro ulivyotaka. FTC kilikuwa cheti cha huyu wa katikati, miaka mitatu baada ya kidato cha nne.

Mabadiliko yalianzia kwenye Sheria Na. 9 ya mwaka 1997, iliyounda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, NACTE, kusimamia elimu hiyo. Katikati ya miaka ya 2000 chuo kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia Mbeya, yaani MIST, na FTC ikapisha ngazi za NTA, yaani tuzo za taifa za elimu ya ufundi: ya 4 hadi ya 6 kwa astashahada na stashahada, ya 8 kwa shahada. Mwaka 2012 kikapanda kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Leo kina kampasi Rukwa pia. Mwenye FTC ya zamani asikitupe cheti chake. Alichosomea kinakaribiana na stashahada ya sasa.

Jina la chuo kikuu limeleta heshima, na limeleta tatizo moja. Wazazi wanaitazama stashahada kama mtoto wa kambo. Nenda kwenye mradi wowote wa barabara uhesabu: mhandisi mmoja, mafundi sanifu kadhaa nyuma yake. Wakikosekana hao, mhandisi anabaki na michoro.

Chukua mfano mmoja wa kazi yao: kipimo cha ulaini wa zege. Koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, wazi juu na chini, inasimamishwa juu ya bamba. Unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25. Kisha unainua koni wima, taratibu, bila kuizungusha. Zege linatulia, nawe unapima limeshuka milimita ngapi. Ukiinua kwa pupa linalala upande, unaanza upya. Kuyaeleza haya ni dakika tano; mkono kuyazoea ni kazi ya wiki. Wanafunzi kumi wakizunguka koni moja, wote wataishika. Wakiwa sitini, kumi watashika na hamsini watapiga picha kwa simu.

Ndiyo maana vyuo vya ufundi, popote vilipo, vikikua haraka kuliko karakana zake, napata wasiwasi. Ukimpeleka mwanao chuo chochote cha ufundi, usiishie kutazama jengo la utawala. Omba kuona karakana, uliza darasa lina wangapi, hesabu mashine zinazozunguka kweli.

Yule kijana wa Mbozi aliuliza jambo moja tu: akianza na stashahada, atafika shahada? Atafika, mradi ufaulu wake utoshe. Njia hiyo inatambulika, na wengi wanaopita huko huingia mwaka wa kwanza mikono yao ikiwa tayari imeshazoea kazi.

Baba yake ndiye aliyeomba kuona karakana. Aliwapita vijana waliokuwa kwenye mashine za kukerezea, akaenda moja kwa moja kwenye jiriwa ya kona ya dirishani, akauzungusha mpini polepole huku ameinamisha sikio.