Maana ya “kuhifadhi” kwa mwenye kuonyesha sarafu zake nyumbani

Mkusanyaji wa sarafu akiniambia kwamba mkusanyo wake “umehifadhiwa vizuri”, karibu kila mara hunionyesha kufuli. Wa mwisho kufanya hivyo alinipeleka mbele ya kabati la mbao ya mwaloni lenye mlango wa kioo na makomeo mawili. Ndani yake sarafu za shaba zilikuwa zimetiwa katika vifuko vya plastiki laini, na kwenye kingo za sarafu tatu au nne utando wa kijani unaonata ulikuwa umekwisha kuanza kutambaa. Makomeo yalikuwa yamefanya kazi yake, kwa kuwa hakuna kilichoibwa. Sarafu zenyewe ndizo zilizokuwa zikipotea kidogo kidogo, zikiwa palepale alipozipanga.

Kuhifadhi ni kukifanya kitu kibaki katika hali yake; kulinda ni kumzuia asiyestahili asikifikie. Maana ni hizo tu, na ningeishia hapa kama maneno haya mawili yasingekuwa yanabadilishana nafasi kila siku vinywani mwetu.

“Hifadhi” limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uliotupa pia hafidhi, yaani aliyeiweka Kurani yote moyoni, na mahafidhina, wale wanaotaka mambo yabaki yalivyokuwa. Inafaa kumtazama hafidhi kwa makini, kwa sababu yeye hakukificha alichokihifadhi. Hukisoma kwa sauti mbele ya watu, na kinachompa jina hilo ni kwamba hakuna herufi inayobadilika. Tunaposema chumba cha kuhifadhia maiti, hakuna anayefikiria wezi, tunafikiria kuoza. Hifadhi ya wanyama nayo hupokea wageni wanaokuja kutazama. Kwa hiyo neno hili tangu asili halina ugomvi wowote na kuonyesha, na anayedhani kwamba sarafu iliyohifadhiwa lazima iwe imefichwa anaongeza maana ambayo neno halikuja nayo.

Nakiri kwamba mzizi huohuo una maana ya kulinda pia, na dua yetu ya “Mungu akuhifadhi” ni ushahidi. Hata hivyo, anayeombewa dua hiyo haombewi dhidi ya majambazi peke yao. Anaombewa dhidi ya maradhi, ajali na kila kinachoweza kumharibu. Hifadhi ni pana kuliko ulinzi, na ndiyo maana ulinzi haupaswi kulimeza jina lake.

“Kulinda” ni la Kibantu, na ndugu zake wa Kizulu na Kiganda bado wanalitumia kwa maana ya kungoja. Mlinzi hukaa kwenye lindo akimngoja atakayekuja. Mkulima hulinda ndege shambani kwa kuwafukuza, lakini mavuno yakishaingia ghalani, vita hubadilika: sasa ni unyevu na fukusi, na kelele za kufukuzia ndege hazina msaada tena. Kusema basi kwamba kabati “linahifadhi” kwa sababu lina kufuli ni kumpeleka mfukuza ndege akapambane na fukusi.

Adui wa hifadhi ya sarafu hana miguu. Vifuko laini nilivyovitaja hutengenezwa kwa polivinili kloridi, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa vilainishi vyake pamoja na asidi, na hapo ndipo utando wa kijani unapotokea juu ya shaba na hata juu ya fedha. Poliesta, polipropilini na akriliki hazina tabia hiyo. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi ileile iliyomo katika siki, ambao huyashambulia madini ya risasi kwa nguvu na shaba pia. Ndiyo sababu mafundi wa zamani wa makabati ya sarafu huko Uingereza walipendelea mahogani. Sufu na mpira hutoa salfa, na salfa huipaka fedha weusi. Vidole huacha chumvi na mafuta, kwa hiyo sarafu hushikwa ukingoni. Kuhusu kung’arisha sarafu kwa dawa ya kusugulia nitasema neno moja tu: usifanye.

Wahifadhi wa makumbusho wana jaribio linaloonyesha tofauti hii vizuri kuliko maelezo yangu. Andrew Oddy wa British Museum alilieleza mwaka 1973: kitambaa, gundi au ubao unaokusudiwa kuwekwa ndani ya sanduku la maonyesho hufungiwa chomboni pamoja na vipande vya fedha, risasi na shaba na maji kidogo, kisha, kwa kawaida, chombo huwekwa kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi kwa siku 28. Kipande kikichafuka, kitu hicho hakifai. Tazama kwamba katika zoezi zima hakuna anayeuliza kama sanduku linavunjika kwa urahisi. Hilo ni swali la mlinzi, na huulizwa siku nyingine.

Kinachoniudhi zaidi ni sefu, kwa sababu hapo maneno mawili hayatofautiani tu bali hupigana. Sefu nyingi zinazostahimili moto zimejazwa kutani mwake kitu chenye maji yaliyofungamana nacho, ili moto ukija maji hayo yageuke mvuke na kupunguza joto la ndani. Hata pasipo moto, unyevu huo huvuja polepole kuingia mahali sarafu zilipo. Mwenye sefu hiyo amezilinda sarafu zake barabara na wakati huohuo amezitia kwenye chumba chenye unyevu, asipoweka pakiti za jeli ya silika na kuzibadilisha zinaposhiba maji.

Dhahabu hutoa mfano wa upande wa pili. Haishiki kutu na haijali siki wala salfa, kiasi kwamba sarafu ya dhahabu safi haidai hifadhi kubwa zaidi ya kuepushwa na mikwaruzo. Mwezi Machi 2017 sarafu ya dhahabu ya Kanada yenye uzito wa kilo 100 iliibwa usiku kutoka Makumbusho ya Bode, Berlin, na wezi walipitia dirishani. Dhahabu hiyo haikuwa na tatizo lolote la kuhifadhiwa. Lililoshindwa ni lindo.

Kwa anayetaka kuonyesha nyumbani, kwa hiyo, maswali ni mawili na kila moja lina majibu yake. Ya hifadhi nimekwisha kuyataja. Ulinzi hutaka kabati lisionekane kutoka dirishani, kioo chake kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, kwa kuwa kioo kilichoimarishwa kwa joto humwagika chembechembe kikigongwa na kumwachia mwizi njia wazi, na sarafu za thamani kubwa zikae kwingine huku picha au nakala zake zikishika nafasi kabatini. Picha za pande zote mbili, pamoja na uzito na kipenyo, ziwekwe nje ya nyumba hiyo. Na mkataba wa bima usomwe, maana bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi huwa na kikomo kidogo kwa sarafu. Hakuna hata moja kati ya haya linalozuia utando wa kijani.

Simkatazi mtu kuliita kabati lake hifadhi. Ninaomba tu kwamba, anapokuwa amenionyesha kufuli, aseme “nimezifungia” au “nimezilinda”, ambayo ni maneno mazuri na ya kweli, na lile la “nimezihifadhi” aliache kwanza, mpaka atakapolifungua kabati na kuingiza pua ndani. Akikutana na harufu ya siki au ya plastiki mpya, basi bado hajazihifadhi.