Kilimo na ufugaji si kazi ya kujilisha tu

Utasikia watu wakisema kilimo na ufugaji vimebaki kazi ya kujilisha, na kwamba uchumi wa kijijini siku hizi unabebwa na maduka, usafiri na mafundi. Wakitaka kukumaliza wanakutajia takwimu: duniani, kilimo ni kama asilimia 4 tu ya pato lote.

Takwimu ni ya kweli. Tafsiri ndiyo mbovu. Inahesabu thamani inayoongezwa shambani na zizini pekee. Mazao yakishapakiwa kwenye lori, yakasagwa, yakauzwa, thamani inayoongezeka huandikwa kwa jina la viwanda, usafirishaji na biashara. Na sekta hiyo hiyo "ndogo" huajiri takriban robo ya wafanyakazi wote duniani.

Mfuate ng'ombe mmoja. Kabla hajafika mnadani ameshawapa riziki mchungaji, muuza dawa ya kupe na daktari wa mifugo. Akiuzwa, dalali anachukua chake, mwenye lori chake, kisha mchinjaji na mnunuzi wa ngozi. Samadi yake ilishabaki shambani. Kinachomfikia mfugaji mkononi kinalipa karo na kufuta deni dukani.

Ndiyo maana mvua zikikata, ng'ombe wanakonda huku daftari la madeni la mwenye duka likinenepa. Huyo hana jembe wala mbuzi, lakini anaumia (hapa wabishi huwa wananyamaza kidogo). Penye mgodi au watalii, sawa, hesabu ni nyingine. Ila vijiji vya namna hiyo si vingi.