Mlalamishi Hafuti Kesi

Mwezi huu ni mara ya tatu. Mama kaja ofisini, kafungua pindo la leso, katoa karatasi iliyokunjwa mara nne: "Wakili, tushamalizana. Yule aliyemshtaki mwanangu kaandika kafuta kesi." Chini pana sahihi mbili na alama ya dole gumba la shahidi. Mwanawe, kwa kuiamini karatasi ile, hakwenda mahakamani Shanzu, Mombasa, siku ya kesi kutajwa. Hakimu akatoa waranti ya kumkamata, na pesa za dhamana, mkopo wa chama, zimo hatarini.

Jamani, kesi ya jinai si mali ya mlalamishi. Soma hati ya mashtaka: Jamhuri dhidi ya fulani. Mlalamishi ni shahidi. Kifungu cha 157 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimempa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uamuzi wa kushtaki, na hata uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze jambo. Mkurugenzi naye akitaka kuiondoa kesi, sharti mahakama imruhusu. Kwa hivyo afisa anayekwambia "nipe changu nilifunge faili" akuuzia kisicho chake.

Sulhu ipo, sikatai. Makosa madogo kama shambulio la kawaida, hakimu mwenyewe huhimiza watu wapatane. Lakini karatasi hiyo ipelekwe kwa kiongozi wa mashtaka, mlalamishi asimame mahakamani aseme kwa mdomo wake, na mpaka hakimu atamke, mshtakiwa ahudhurie kila tarehe. Unajisi wa mtoto? Wazee msinikalishe kikao.

Mengine ni ya kupita tu. Saa 24 zikipita si kwamba seli yafunguka: ni muda wa kukufikisha mahakamani, na ukikamatwa Ijumaa jioni, hesabu yaenda mpaka Jumatatu mwisho wa kazi. Kunyamaza kituoni si kukubali kosa, ni haki yako. Na ungamo ulilompa mpelelezi wa kesi yako, mahakama hailipokei. Ushahidi nao hausubiriwi siku ya kusikizwa. Ukishajibu mashtaka tu, omba nakala za taarifa za mashahidi.

Na risiti ya dhamana iandikwe jina la aliyetoa pesa. Nimeshachoka kuamua ugomvi wa mashemeji.

Kesho saa mbili asubuhi twaenda Shanzu, mimi na mshtakiwa mwenyewe, tuombe waranti iondolewe. Mama kauliza aje na ile karatasi. Nimemwambia aje na mlalamishi.