Kinanda hakijipigi chenyewe

Wiki iliyopita kuna kijana alikuja studio hapa Tabora, anaimba vizuri, ana wenzake wawili wa kinanda na mmoja anatengeneza biti kwenye laptopu, walikuwa wanagombania mgao wa hela ya shoo, basi akasema mbele yao kabisa kwamba hawa wa mashine wapewe nusu maana mashine inapiga yenyewe, anayetoka jasho ni yeye. Sikubishana naye. Nikafungua wimbo wao nikaanza kuzima trak moja moja, yani sauti ya kila chombo peke yake. Nilipofika kwenye besi ya dogo mmoja wa kinanda aliyekaa kimya muda wote, nikaizima, wimbo ukalegea kama kitanda kilichokatika kamba. Mwimbaji mwenyewe akakunja uso.

Mi nina miaka 16 kwenye kupiga kinanda na kumiksi, na hili nalisema kwa moyo wangu wote: kwenye muziki wa mashine mtu anasikika sana tu, pengine kuliko kwenye magitaa, kwa sababu mashine inakupa sauti elfu na wewe unachukua moja, na hiyo moja uliyoichukua ndo wewe.

Kwa magitaa hakuna anayebisha. Mji huu ulikuwa na bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, mguse mzee yeyote kuhusu Kiko Kids ataanza na mandolini (kile kigitaa kidogo) ya Salim Zahoro kabla hata hajataja wimbo. Shem Karenga naye alipotoka Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma akaja Tabora Jazz, utunzi wake alikuja nao. Watu wanaelewa. Ukisema hivyohivyo kuhusu vinanda vya umeme ndo unaona wanatikisa kichwa.

Sasa chukua Depeche Mode, bendi ya vinanda ya Waingereza wa mji wa Basildon, walianza 1980 wakiwa wanne: Vince Clarke, Martin Gore, Andy Fletcher na Dave Gahan. Albamu yao ya kwanza, Speak & Spell ya 1981, nyimbo 9 kati ya 11 ni za Vince. Zisikilize kwa hedifoni, noti fupifupi, nyepesi, hakuna inayomkanyaga mwenzake, zinarukaruka kama watoto wanacheza rede. Mwaka huohuo haujaisha akaondoka. Akaunda Yazoo na Alison Moyet, halafu 1985 Erasure na Andy Bell, yani waimbaji wawili ambao hawafanani hata kidogo, lakini zile noti za kurukaruka zimeenda naye kotekote. Na kule alikotoka vinanda vipo, Dave bado anaimba, ila utunzi umeshika Martin na Martin ana huzuni kwenye akodi zake, yani noti anazozipiga kwa pamoja, bendi ikaanza kuwa nzito, ikaingia giza.

Anayeniuma mimi ni Alan Wilder. Aliingia Depeche Mode 1982 kwa tangazo la gazeti la muziki, walitaka mtu wa chini ya miaka 21, yeye ana 22, akadanganya umri. Mwanzoni walimtaka kwa shoo tu, albamu ya pili hata hakurekodi. Huyu alikuwa amesomea piano ya kiklasiki, na uvumilivu wake ndo silaha yake, mtu wa kukaa na sauti moja siku nzima anaigeuza. Kwenye albamu ya 1983 walienda eneo la ujenzi kule London wakawa wanagonga vyuma kwa nyundo, wanarekodi, wanaingiza kwenye sempula, wanapiga kama kinanda.

Niliwahi kujaribu hilo. Kuna shule jirani kengele yao ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe, nikaomba ruhusa, nikarekodi kwa simu nikiigonga na spana. Ukiishusha oktavu mbili inakuwa mlio mpana unatetemeka kifuani, ukikata mwanzo wake, ile "kang" yenyewe, unabaki na mvumo tu ambao huwezi kujua umetoka kwenye chuma. Mwenzangu alipewa faili hilohilo, akatupa mvumo wote akabakiza ile "kang", akatengenezea sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Rimu moja, spana moja, nyimbo mbili ambazo hazijuani.

Halafu njoo kwenye wimbo wao Enjoy the Silence. Demo ya Martin, yani rekodi ya majaribio, ilikuwa wimbo wa taratibu, sauti yake na hamoniamu, kile kinanda cha mikunjo ambacho wazee wa taarabu wanakijua. Alan ndo akasema huu uwekwe mdundo wa kucheza. Martin hakupenda, maana maneno yanazungumzia utulivu sasa unakimbizaje utulivu? Alan na prodyuza Flood wakakaa nao wakaujenga, wakamwita Martin aje apige gitaa, akatoa ile laini ambayo hata asiyejua Kiingereza anaiimba kwa mdomo. Ukatoka 1990, ukafika namba 6 Uingereza na namba 8 Marekani. Martin peke yake angetoa wimbo mzuri wa kulilia. Alan peke yake asingekuwa na wimbo kabisa. Hapo ndo huwa nasimama nikifundisha vijana, narudia mara tatu.

Juni 1995 Alan akaondoka, akaeleza wazi kwamba kazi haigawanywi sawa na mchango wake hauthaminiwi. Hawakuweka mwanachama mwingine kwenye nafasi yake, waliajiri wapigaji. Nyimbo nzuri walitoa, sikatai, ila ile tabia ya wimbo kubadilika chumba baada ya chumba, kitu kidogo kinaingia nyuma sekunde nne kinapotea, mi siisikii tena. Bendi tuliyokuwa nayo sisi ilipita hukohuko: mpiga kinanda wetu alihamia Mwanza, tukatafuta kinanda toleo lilelile, sauti zilezile namba kwa namba, na mashabiki wakauliza mmebadilisha spika?

Na Fletcher je? Alipiga kidogo sana, kila mtu alijua. Alishughulika na mikataba na hela kipindi kirefu ambacho bendi haikuwa na meneja, na kukaa katikati ya Martin na Dave. Alifariki tarehe 26 Mei 2022 akiwa na miaka 60, na albamu ya 2023, Memento Mori, wamebaki wawili. Mtu wa hivyo humkuti kwenye trak yoyote ukizima, lakini bila yeye pengine kusingekuwa na trak za kuzima.

Wale vijana mgao bado wanabishana, wamesema watarudi Jumamosi. Ila kabla hawajaondoka nilimwita dogo wa besi, nikamwonyesha kwenye skrini jinsi noti yake ya nne inavyochelewa kila mzunguko, kidogo tu, nikamuuliza unafanya makusudi? Akasema hapana kaka, mkono wangu huwa unafika hapo. Ile noti sijainyoosha kwenye gridi, ile mistari ya kompyuta inayopanga noti zikae sawa na mdundo, nimeiacha ilivyo.