Ni mkono wako au ni bastola? Jua kwanza kabla hujagusa skrubu

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, saa moja na nusu asubuhi, tuko kwenye godauni tunalofanyia mazoezi upande wa Uyole. Baridi ya Mbeya mwezi huo mnaijua wenyewe, mtu akiongea mdomo unatoa moshi. Madam (ni mwalimu wa sekondari, wote tunamwita hivyo) yuko kwenye mstari na bastola yake ya upepo, mita 10, na risasi zinashuka. Haziendi kushoto wala kulia, zinashuka tu: nane ya chini (pointi nane kati ya kumi, tundu liko chini ya katikati), nane ya chini, tisa ya chini, nane. Wenzake nyuma kila mtu ana jibu lake, "Madam unalegeza kifundo cha mkono", "Madam unavuta triga kwa pupa", na mimi kocha wake nilishamwambia hivyohivyo wiki tatu mfululizo, akawa anarudi nyumbani anafanya mazoezi ya kifundo mpaka kikaanza kuuma. Kumbe kosa halikuwa lake hata kidogo. Jambo lile liliniuma sana na ndiyo sababu ya kuandika hii.

Kwenye karatasi kosa la mkono na kosa la bastola yanafanana kama mapacha. Nane ya chini haina sahihi ya aliyeisababisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya kubadilisha mshiko, kabla ya kukaza triga, kabla ya kununua peleti (vile virisasi vya bastola ya upepo) za bei mbaya, ni kuwatenganisha hawa wawili, na ukishawatenganisha unagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa viwili siku moja na matokeo yakawa mazuri hujui nani kayaleta, yakiwa mabaya ndo kabisa.

Ngoja kwanza niweke mahesabu kidogo maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Duara la 10 kwenye shabaha ya mita 10 lina upana wa milimita 11.5. Peleti ina milimita 4.5, na ikigusa tu mstari inahesabiwa, maana yake kitovu cha tundu lako kinaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati na bado ni 10. Kila milimita 8 zaidi unapoteza pointi moja. Sasa chukua bastola ambayo kati ya saiti (vile vyuma vya kulengea) ya nyuma na ya mbele kuna sentimita 32 hivi. Mkono ukiyumba wote kwa pamoja milimita 5, saiti zikiwa zimekaa sawa, risasi nayo inahama milimita 5, bado ni 10 yako. Lakini saiti ya mbele ikipishana na ya nyuma kwa milimita 1 tu, kule mbali inazidishwa kama mara 31, risasi inahama sentimita 3 na kidogo, hiyo ni saba. Milimita moja! Ndiyo maana nawaambia vijana mtetemo wa mkono muuache utetemeke, haujamuua mtu, jicho libaki kwenye saiti ya mbele, iwe kali kama wembe, na lile doa jeusi la shabaha liwe na ukungu kama mlima Loleza asubuhi ya masika. Anayetaka kuona vyote viwili vizuri ataona vyote vibaya.

Sasa kipimo chenyewe. Sisi hatuna mashine ya kubana bastola, tunatumia mchele. Mifuko miwili ya kitambaa, kila mmoja kilo mbili za mchele (wa Kyela ukipenda, bastola haichagui), juu ya meza nzito isiyoyumba. Kifundo na kitako cha mshiko vinalala kwenye mfuko, mtutu na silinda ya upepo visiguse kitu chochote, kwa sababu vikigusa unapima mfuko na sio bastola. Unapiga risasi tano kwenye karatasi moja, unabadilisha karatasi, tano tena, mpaka karatasi nne. Halafu mtu mwingine anayejua naye apige nne zake. Bastola isiyo na kasoro ikiwa kwenye mchele inatakiwa itoboe grupu (yale matundu matano kwa pamoja) inayomezwa na duara la 10, tena na nafasi inabaki. Ikifanya hivyo kwa watu wawili tofauti basi bastola haina kesi, rudi kwenye mkono wako kwa amani. Isipofanya, mkono uache upumzike.

Ya Madam tuliipima saa moja asubuhi na tukairudia saa saba mchana jua likiwa limeshapiga bati. Saa saba grupu ilikuwa ya mviringo, tundu moja lenye kingo zilizochanika, nzuri kabisa. Saa moja asubuhi, bastola ileile, peleti zilezile, mchele uleule: grupu ndefu ya wima, nyembamba kama njegere kwenye ganda, na yote iko chini. Nilizishika zile karatasi mbili nikabaki naziangalia tu.

Umbo la grupu linaongea. Grupu iliyolala kwa upana, mara nyingi ni saiti ya nyuma inacheza, au kidole kinasukuma triga pembeni. Grupu ya wima inayotokea hata kwenye mchele, kwanza shuku kasi. Peleti ikitoka na mita 150 kwa sekunde, mpaka ifike mita 10 inakuwa imeshuka kama milimita 22, na hiyo saiti zako zimeshaihesabu. Ikitoka na 120 inashuka kama milimita 34. Hapo kuna tofauti ya milimita 12, yani 10 yako safi kabisa imegeuka 9 bila wewe kukosea chochote, weka juu yake mtetemo wa kawaida wa binadamu unapata zile nane za chini alizokuwa anapigiwa kelele mwenzetu. Kuna app za simu zinazosikiliza mlio wa risasi na mlio wa kugonga zikakokotoa kasi, sio sahihi kama kifaa chenyewe lakini kwa kulinganisha asubuhi na mchana zinatosha.

Tukaifungua. Ndani kuna fundi alishapita, akapaka grisi nene ya bearing kwenye nyundo inayogonga vavu ya kuachia upepo, na alipaka kwa roho nyeupe kabisa maana kwenye pikipiki ndivyo inavyotakiwa. Mchana grisi inalainika, nyundo inakimbia, vavu inafunguka vizuri. Asubuhi kwenye nyuzi 7 au 8 ile grisi inakuwa kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda kwenye sufuria, nyundo inakwenda kwa uzito, upepo unaotoka ni mdogo. Niliifuta yote kwa kitambaa, nikaacha utando tu wa grisi ya silikoni, ule ambao ukipitisha kidole unauhisi ila huuoni. Jumamosi iliyofuata saa moja asubuhi grupu ikawa ya mviringo. Nilimwomba Madam msamaha mbele ya wote, kwa sababu nilimlaumu mbele ya wote.

Hapohapo kwenye mafuta naomba nisikilizwe vizuri. Mafuta ya petroli, WD-40, oili ya gari, hayaingii kwenye njia ya upepo wa presha kubwa, upepo ukigandamizwa ghafla unapata joto na mafuta yanaweza kuwaka humo ndani, na oringi zenyewe (zile pete za mpira zinazozuia upepo usivuje) zinaharibika. Na kubwa kuliko yote: USIJAZE SILINDA KWA OKSIJENI. Najua huku kwetu mtungi wa oksijeni kwa mchomeleaji ni rahisi kuupata kuliko kompresa ya presha ile, na nimeshaulizwa hilo swali zaidi ya mara moja. Oksijeni tupu ikikutana na grisi kwenye presha hiyo inalipuka mkononi mwako, karibu na uso wako. Pampu ya mkono inachosha lakini inakurudisha nyumbani salama. Pampu taratibu, pumzika ipoe, maana pampu ya moto inaingiza unyevu na unyevu ni kutu, hasa kipindi cha mvua. Pia usishtuke ukijaza presha ya bar 200 mchana kwenye nyuzi 25 halafu asubuhi kwenye nyuzi 8 geji ikasoma kama 189, silinda haivuji, ni baridi tu imeubana upepo. Ikisoma 150 hapo sasa inavuja. Na angalia tarehe iliyogongwa kwenye silinda, watengenezaji wengi wanaipa miaka 10, ikipita hiyo haijazwi tena, na kwenye mashindano ni jukumu lako wewe mwenye nayo.

Skrubu. Chukua rangi ya kucha, nyekundu ni nzuri, ukishakaza kila skrubu kwa alenki yake (ile spana ya pembe sita) chora kamstari kembamba kanachoanzia kwenye kichwa cha skrubu kanaishia kwenye mwili wa bastola. Kila asubuhi ni kuangalia tu, mistari ikiwa imenyooka skrubu haijazunguka. Mshiko wa mbao ndo uangalie zaidi, kiangazi kikavu cha kuanzia Iringa mpaka huku mbao zinasinyaa, skrubu iliyokuwa imebana mwezi wa nne inalegea mwezi wa nane, na barabara za vumbi ndani ya bajaji zinamalizia kazi. Mshiko ukicheza nusu milimita nimeshakuonyesha hapo juu inakuwa nini kule mbele.

Triga ya mita 10 kisheria isipungue gramu 500. Wengi wanaiweka hapohapo mpakani halafu siku ya ukaguzi baridi au joto vimeihamisha, inakataa kunyanyua uzito, mtu anaanza kuhangaika na alenki dakika za mwisho kabla ya kupiga, akili imeshavurugika. Weka kama 515. Chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, pamoja na plastiki yake inakaa karibu na hapo, ila ipime kwenye mizani ya duka kwanza, punguza maji mpaka isome unachotaka, weka alama, ifunge kamba. Bastola haina peleti, mtutu umeangalia juu, chupa inaning'inia kwenye triga: ikiibeba bila kufyatuka uko salama.

Peleti sina maneno mengi. Nunua makopo yenye namba moja ya toleo, zibingirishe kwenye kioo uondoe zilizobonyea sketi (ule ukingo mpana wa nyuma), na nawa mikono kabla ya kula maana ile ni risasi, madini yenyewe, inaingia mwilini na haitoki kirahisi.

Bastola ikishakuwa safi ndo tunarudi kwa mtu. Mashindano ni risasi 60 kwa saa moja na robo, na kabla ya hapo una dakika 15 za kujaribu. Ukigawa ni sekunde 75 kwa kila risasi, muda ni mwingi, hakuna sababu ya kulazimisha. Mkono ukipita sekunde nane au tisa haujafyatua ushushe, pumua, anza upya, kushusha mkono ni ustadi na unafanyiwa mazoezi kama kupiga. Nyumbani piga kavu, ukutani, ukuta mweupe usio na kitu, bila peleti na umehakikisha mara mbili, dakika 20 kila siku. Ukuta mweupe hauna kumi ya kutamani kwa hiyo jicho linabaki kwenye saiti, na hapo utamwona mwenyewe yule kichwa cha saiti anavyoruka kidole kikikosea. Baridi nayo: vaa glavu mpaka dakika ya mwisho, kidole kilichokufa ganzi hakijui gramu 500 ni nini. Na risasi moja mbaya isikuchukulie mashindano, Jin Jong-oh wa Korea Kusini kwenye fainali ya mita 50 kule Rio 2016 alipiga 6.6 katikati ya fainali na bado akaondoka na dhahabu.

Ila hata mkono wa dunia bastola ikigoma umegoma. Manu Bhaker wa India, michezo ya Tokyo, bastola ilimharibikia katikati ya mchujo wa mita 10, dakika nyingi zikaenda kwenye matengenezo huku saa haimsubiri, akakosa fainali kwa pointi 2. Paris 2024 akarudi akachukua shaba mbili. Kwa hiyo begi langu la mashindano lina oringi za akiba, alenki zote, bisibisi ndogo, silinda ya pili iliyojaa, ile chupa ya maji, na rangi ya kucha. Kwa wanaopiga mita 25 na risasi za .22, nta ya risasi ikichanganyika na baruti isiyoungua vizuri inajaza chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) na baridi inaifanya kuwa gundi, safisha chemba kila mazoezi. Ikigoma katikati ya seti, mtutu ubaki umeelekea shabaha, nyanyua mkono mwingine, USIGUSE chochote. Ukikoki mwenyewe kabla ofisa hajaiona, umepoteza haki ya kurudia hiyo seti.

Vibali na utunzaji fuateni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, anzieni polisi wilayani kwenu kabla ya kununua chochote, na bastola ilale imefungiwa.

Daftari la Madam sasa lina safu tano: saa, nyuzi joto, presha, umbo la grupu, na kitu alichobadilisha. Safu ya mwisho kwa wiki sita zilizopita imeandikwa neno moja tu kila mstari, "hakuna", na Jumamosi iliyopita saa moja asubuhi, kwenye nyuzi 9, nane ya chini ilikuwa moja katika risasi sitini. Aliiwekea nyota pembeni akaandika: hii ni yangu, nilivuta.