Mvua ipi hujaza kisima? Dhana potofu kuhusu isotopi za maji

Dhana: Isotopi ni mionzi, kwa hiyo maji yaliyopimwa hivyo si salama.

Isotopi ni atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito, nazo hupimwa ili kujua maji ya kisima yametoka wapi. Zipo zenye mionzi na zipo zisizo nayo. Oksijeni-18 na deuteri, yaani haidrojeni nzito, ni thabiti, na hakuna anayezimwaga kisimani. Zimo tayari katika maji yote, hata ya kunywa: kwenye kila atomu milioni moja za oksijeni, takribani 2,000 ni oksijeni-18. Mtaalamu huchota maji na kupima uwiano huo umezidi au umepungua kiasi gani kuliko ule wa maji ya bahari. Jibu husomwa kwa sehemu kwa elfu.

Dhana: Katika tropiki joto halibadiliki sana, basi mvua zote zina alama moja.

Hii huwapoteza hata wasomi, kwa sababu vitabu vingi huanza na nchi za baridi, ambako joto ndilo linaloamua. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Denmark, Willi Dansgaard, alieleza kuwa katika tropiki kinachotawala ni wingi wa mvua: mwezi wa mvua nyingi huleta maji yenye oksijeni-18 kidogo. Molekuli nzito hutangulia kudondoka, na kadiri wingu linavyozidi kumwaga, ndivyo mvuke unaobaki unavyokuwa mwepesi, yaani wenye oksijeni-18 kidogo. Manyunyu nayo yakipita kwenye hewa kavu hupoteza kwanza molekuli nyepesi, na tone hufika chini likiwa zito. Ila uhusiano huu huonekana vizuri kwenye wastani wa mwezi. Mvua ya siku moja inaweza kuukaidi kabisa.

Faida yake iko hapa. Maji ya kisima yakikutwa mepesi kuliko wastani wa mvua ya mwaka mzima, kuna dalili kwamba yanatokana zaidi na mvua kubwa. Manyunyu huishia kwenye udongo wa juu, kisha jua na mimea huyarudisha hewani. Vipimo vya aina nyingine kabisa vinakubaliana na hili: huko Makutapora, Dodoma, kumbukumbu za miaka 55 za kiwango cha maji ya ardhini zinaonyesha kiwango kikishuka miaka kadhaa mfululizo, kisha kikipanda ghafla baada ya msimu wa mvua isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño ya 1997–98.

Lakini usikimbilie hitimisho. Mvua ya mlimani nayo ni nyepesi. Oksijeni-18 hupungua kwa takribani 0.15 hadi 0.5 kwa elfu kila mita 100 za kupanda. Palipo na mlima jirani, pima chemchemi zake kwanza.

Dhana: Isotopi hizi hutaja umri wa maji.

Hapana. Kwa umri kuna tritiamu, haidrojeni yenye mionzi ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka 12.3, na kaboni-14 kwa maji ya kale.

Dhana: Sampuli ikiangukia kwenye mstari wa mvua, hakuna maji yaliyopotea.

Mstari huo, unaopatikana ukichora vipimo vya mvua kwenye grafu, ni wa mwanasayansi Harmon Craig, wa mwaka 1961: kipimo cha deuteri, kwa elfu, ni mara 8 ya kile cha oksijeni-18, ukijumlisha 10. Maji yaliyokaa juani ziwani au bwawani huuacha na kufuata mwinuko mdogo, mara nyingi kati ya 4 na 6. Maji ya ziwa yakichanganyika na ya mvua, kipimo cha kisima huangukia katikati: tukichukulia oksijeni-18 ya mvua ni −5 kwa elfu, ya ziwa +3 na ya kisima −3, robo ya maji ya kisima imetoka ziwani.

Mizizi, kwa upande wake, hunywa maji bila kuchagua sana nzito na nyepesi. Msitu unaweza kumaliza sehemu kubwa ya mvua na yanayobaki yakashuka yakiwa bado kwenye mstari. Kwa hiyo anayekuambia milimita za maji yaliyoingia ardhini kwa kutazama mstari huo peke yake, mwombe ushahidi mwingine.

Dhana: Chupa yoyote inafaa.

Jaza mpaka shingoni, pasibaki hata kiputo cha hewa, kisha kaza mfuniko. Chombo cha kukusanyia mvua ya mwezi huwekwa mafuta ya parafini (si mafuta ya taa) juu ya maji ili yasivukizwe. Ukilegeza mfuniko, maabara itakuletea majibu ya kisima kinachoonekana kulishwa na ziwa ambalo halipo.